Fundi Asiyebahatisha: Uanagenzi wa Ufundi Mitambo katika Kiwanda cha Dawa

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa kata katika mfululizo wa mikutano ya Halmashauri kuhusu mafunzo ya ufundi kwa vijana. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mkulima anaponunua jembe dukani hulipima kabla ya kutoa fedha. Huligonga kwa ukucha, husikiliza mlio wake, huutazama ukingo wake juani. Mama anaponunua samaki hufunua shavu aone kama bado ni jekundu. Lakini mtu huyohuyo anapokabidhiwa vidonge kumi dirishani katika zahanati, hana cha kugonga wala cha kufunua. Weupe wa kidonge hausemi kilichomo ndani yake. Utamu wa dawa ya kikohozi haumwambii mzazi kama dawa hiyo itamponya mtoto au itamdhuru. Mgonjwa humeza kwa imani.

Imani hiyo huweza kusalitiwa. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana nchini Gambia. Vipimo vilionyesha kuwa zilikuwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli, kemikali ambazo huharibu figo. Wakati tahadhari hiyo inatolewa, vifo vya watoto 66 vilikuwa vikihusishwa na dawa hizo. Hakuna mama hata mmoja kati ya wale waliowanywesha watoto wao aliyekuwa na namna ya kujua.

Kwa kuwa anayetumia dawa hawezi kuikagua, ukaguzi wote lazima ufanyike kabla haijamfikia. Wanapotajwa wanaobeba jukumu hilo, hutajwa daktari, mfamasia na mkemia. Husahaulika fundi, yule anayefunga skrubu, anayebadilisha wavu wa chekeche, anayesoma geji ya mvuke usiku wa manane. Mazungumzo haya yanamhusu fundi huyo, na hasa njia anayopitia hadi aaminiwe, yaani uanagenzi.

Mfano utakaotumika ni wa binti mmoja mzaliwa wa kata hii. Jina lake halitatajwa, wala la kiwanda alichofunzwa. Yaliyompata yanatosha kueleza kazi yenyewe ilivyo.

Safari ya kuingia kiwandani

Binti huyo alimaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu ambao haukumwezesha kuchaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Nyumbani kukazuka mjadala unaojulikana katika kaya nyingi. Baba yake alitaka arudie mtihani. Mama yake alitaka ajifunze ushonaji, kwa hoja kwamba cherehani haimpeleki mtoto mbali na nyumbani. Mjomba wake, ambaye ni fundi wa mashine ya kusaga, ndiye aliyekumbusha jambo moja: tangu akiwa shule ya msingi, binti huyo alikuwa akisimama mlangoni mwa mashine na kutambua kwa sikio beringi iliyoanza kuchoka.

Alijiunga na chuo cha ufundi stadi katika fani ya ufundi mitambo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mafunzo yake hupanda kwa ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa taifa kuhusu uanagenzi. Katika utaratibu huo, mwajiri, chuo na kijana hufungamana kwa mkataba. Sehemu ya mafunzo hutolewa chuoni, na sehemu nyingine hutolewa kazini chini ya fundi mzoefu. Kwa njia hiyo binti huyo alipokelewa katika kiwanda kimoja cha vidonge, mbali na wilaya hii, kwa mkataba wa miaka mitatu.

Siku ya kwanza hakugusa mashine. Wiki ya kwanza nayo ikapita bila kugusa mashine. Alifundishwa kuingia mlangoni. Alivua bangili, saa na hereni. Alinawa mikono kwa mpangilio uliobandikwa ukutani. Alifunika nywele zote, akavaa vazi jeupe lisilo na mifuko ya nje, kwa sababu mfuko ni mahali pa kalamu kuanguka. Kisha alikaa juu ya benchi refu linalokata chumba katikati. Upande mmoja wa benchi ni wa viatu vya barabarani, upande wa pili ni wa viatu vya ndani. Mguu uliovuliwa kiatu huvushwa juu ya benchi na kutua upande wa pili, wala haurudi kukanyaga ulikotoka. Siku ya tatu alirudisha mguu kwa kusahau, akaambiwa aanze upya kuanzia kunawa. Alianza upya.

Sanduku lake la vifaa lilikuwa na orodha. Spana saba zikiingia katika chumba cha uzalishaji, saba zitoke. Skrubu iliyofunguliwa huwekwa katika kisahani, na kisahani huhesabiwa mashine inapofungwa tena. Katika karakana ya mtaani, skrubu inayobaki baada ya kazi huwa mzaha wa mafundi. Katika kiwanda cha dawa hakuna anayecheka, kwa kuwa skrubu isiyoonekana huenda imo ndani ya dawa.

Hewa, unga na maji

Mwaka wa kwanza alijifunza vitu vitatu ambavyo hakuwahi kuvifikiria kuwa ni kazi ya fundi.

Cha kwanza ni hewa. Vyumba vya kiwanda cha dawa havina upepo wa kubahatisha. Hewa huingia kupitia vichujio vizito na kusukumwa kwa mpango, ili chumba kimoja kiwe na shinikizo kubwa kuliko jirani yake. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, paskali 10 au 15, kiasi ambacho mwili wa mtu hauwezi kukihisi, lakini hutosha kuamua vumbi lielekee wapi. Dawa za sindano zinapotengenezwa, hewa husukumwa kutoka chumbani kwenda nje, ili uchafu usiingie. Vidonge vinapotengenezwa, mara nyingi chumba chenye unga huwekwa na shinikizo dogo kuliko ukumbi, ili unga wa dawa hii usivuke na kuingia katika dawa ile. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa ya maumivu hapaswi kumeza chembe za kiuavijasumu asizoandikiwa. Kila asubuhi mwanagenzi husoma geji iliyo kando ya kila mlango na kuandika namba anayoiona.

Cha pili ni unga. Kidonge huanza kama unga unaopimwa, unaochanganywa, unaotengenezwa kuwa chembechembe, unaokaushwa na kuchekechwa, kisha hugandamizwa katika mashine ya mzunguko. Mashine hiyo ina vitundu vya chuma, na kila kitundu kina vyuma viwili, cha juu na cha chini, vinavyokutana kwa nguvu. Unga haupimwi kwa mizani wakati huo. Hupimwa kwa ujazo wa kitundu. Kwa hiyo chuma cha chini kikilika kidogo, kitundu huwa na kina zaidi, na kidonge huwa kizito zaidi. Unga usipotiririka sawasawa, kidonge huwa chepesi. Hapo kosa la chuma huwa kosa la dozi.

Kanuni za vitabu vya viwango vya dawa haziachi jambo hilo kwa jicho la mtu. Vidonge 20 hupimwa kimoja kimoja. Kwa vidonge vyenye uzito wa miligramu 250 au zaidi, visizidi viwili vinavyotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, na kisiwepo hata kimoja kinachotofautiana kwa zaidi ya asilimia 10. Binti huyo alipima vidonge kwa miezi kabla hajaruhusiwa kurekebisha mashine inayovitoa. Mwalimu wake, fundi mwenye mvi aliyeitwa na wote Mzee, alikuwa na sababu: asiyejua uzito unavyoyumba hawezi kujua amerekebisha nini.

Cha tatu ni maji. Maji ya kutengenezea dawa husafishwa kwa hatua kadhaa, kisha huzungushwa bila kusimama katika mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Katika mifumo mingi hutunzwa yakiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, au hupashwa joto hilo kwa vipindi, kwa sababu adui wa maji safi ni kutulia. Pale bomba linapochipua tawi ambalo maji hayapiti, vijidudu hupata makao. Ndiyo maana urefu wa tawi la namna hiyo haupaswi kuzidi mara tatu ya kipenyo chake. Tawi la bomba lenye kipenyo cha milimita 25, kwa mfano, halipaswi kuzidi milimita 75. Fundi bomba wa nyumbani huongeza tawi popote penye nafasi. Mwanagenzi wa kiwanda cha dawa hubeba rula.

Daftari lisilofutwa

Baada ya hayo likaja somo lililomtaabisha kuliko yote, nalo halikuhusu chuma. Lilihusu kuandika.

Kila mashine ina daftari lake. Fundi anayeigusa huandika alichokuta, alichofanya, saa aliyoanza, saa aliyomaliza, na kutia saini. Huandika kwa wino. Akikosea, hafuti wala hachovyi dawa ya kufutia. Hupiga mstari mmoja juu ya neno lililokosewa, ili lisomeke bado, kisha huandika sahihi yake pembeni pamoja na tarehe na sababu. Hajazi leo kazi ya jana. Hamtilii mwenzake saini hata kama alimwona akifanya kazi hiyo. Katika viwanda vya dawa kuna msemo wa mafundi kwamba kisichoandikwa hakikufanyika.

Kwa kijana aliyezoea kwamba fundi hodari hutambulikana kwa mikono yake, utaratibu huo huonekana kama usumbufu wa makarani. Binti huyo naye aliona hivyo kwa muda. Mtazamo wake ulibadilika pale Mzee alipowakalisha wanagenzi wote chini na kuwasimulia tukio la Devonport.

Mwezi Machi 1972, katika hospitali ya Devonport mjini Plymouth nchini Uingereza, wagonjwa waliowekewa dripu ya sukari walizidiwa ghafla badala ya kupata nafuu. Ilibainika kwamba chupa kadhaa za toleo lile, lililotengenezwa mwaka uliotangulia, zilikuwa na vijidudu. Vifo vya wagonjwa watano vilihusishwa na dripu hizo. Iliundwa kamati ya uchunguzi chini ya mwanasheria C. M. Clothier, nayo ikatoa ripoti mwaka huohuo.

Chanzo kilikuwa katika mtambo wa kutakasa chupa kwa mvuke. Hewa haikutoka yote katika sehemu ya chini ya mtambo, na mahali penye hewa mvuke haufiki ipasavyo. Chupa za chini hazikupata joto lililotakiwa. Kipimajoto chenye kuandika kwenye karatasi kilionyesha wazi kwamba joto halikupanda. Kilikuwa kinasema kweli. Waliokuwa kazini walidhani kimeharibika, wakaamini kipimo kingine, na chupa zikaendelea na safari yake.

Kamati haikuishia kwenye mtambo. Ilionya dhidi ya dhana iliyozoeleka kwamba kazi hiyo ni nyepesi, inayoweza kuachwa mikononi mwa watu wenye ujuzi mdogo na usimamizi hafifu. Wazazi waliopo hapa wanapaswa kulisikia onyo hilo kwa makini. Katika jamii nyingi kuna imani kwamba ufundi ni kimbilio la aliyeshindwa masomo. Devonport inaonyesha gharama ya imani hiyo inapoingia kiwandani.

Wavu wa chekeche

Mwaka wa pili, zamu yake ya kujaribiwa ilifika.

Jioni moja, baada ya toleo la vidonge kukamilika, binti huyo alikuwa akikagua chekeche lililotumika kuchekecha chembechembe zilizokaushwa. Asubuhi ya siku hiyo wavu ulikuwa umekaguliwa na kuandikwa kuwa mzima. Sasa, kwenye kona ya kushoto, uzi mmoja wa chuma ulikuwa umekatika. Aliutandaza wavu juu ya karatasi nyeupe chini ya taa, akavipanga vipande alivyovipata. Palikosekana kipande kimoja, kifupi kama punje ya mchele iliyokatwa nusu.

Msimamizi wa uzalishaji alikuja kuona kinachochelewesha kazi. Toleo lile lilikuwa likisubiriwa, na bonasi ya mwezi ya zamu nzima ilitegemea likamilike.

“Binti, huo uzi ni mwembamba kama unywele,” alimwambia kwa upole. “Badilisha wavu, andika ‘umebadilishwa’, twende nyumbani.”

Ugumu wa jaribu hilo ulikuwa katika upole wake. Hakuambiwa aseme uongo. Wavu ungebadilishwa kweli, na neno “umebadilishwa” lingekuwa la kweli. Lingekuwa kweli inayofunika nyingine. Alisimama na kalamu kwa muda, kisha akaandika kwamba wavu umekatika kona ya kushoto wakati wa kazi, na kwamba kipande chenye urefu wa takriban milimita nne hakijapatikana. Akatia saini na saa. Mzee alipoitwa, alisoma bila kuuliza swali, akatia saini yake chini ya ile ya mwanafunzi wake.

Usiku huo toleo zima liliwekwa karantini. Vidonge vilipitishwa katika kitambua-chuma, lakini mafundi walijua kikomo cha chombo hicho: kipande chembamba cha chuma kisichoshika kutu ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi kwake kuvinasa. Kwa hiyo ukimya wa kengele haukuthibitisha chochote. Mashine zilifunguliwa, mapipa yakapekuliwa, vumbi la kwenye vinyonzi likachekechwa. Kipande hakikuonekana. Idara ya ubora ikaamua kwamba toleo lisitoke, nalo likateketezwa kwa utaratibu unaotakiwa.

Bonasi ya mwezi ule haikulipwa. Kwa siku kadhaa, binti huyo alipoketi kula mchana, meza yake ilibaki na viti vitupu. Msichana mmoja wa idara ya ufungashaji, aliyekuwa akiitegemea bonasi hiyo kwa ada ya mdogo wake, alimwambia hivyo uso kwa uso, naye hakuwa na jibu la kumpa.

Hadi leo hakuna anayejua kama kipande kile kilikuwa ndani ya kidonge au kilianguka kwenye bomba la maji machafu. Huenda vidonge vyote vilikuwa salama. Ndivyo ilivyo kazi hii: fundi wa dawa mara nyingi hulipa gharama halisi ili kuzuia madhara ambayo hayatathibitishwa kamwe, na hapati wa kumshukuru, kwa kuwa mgonjwa aliyenusurika hajui kuwa alinusurika.

Kiwanda, kwa upande wake, kilibadilisha utaratibu. Tangu wakati huo wavu hukaguliwa pia katikati ya kazi, ili hitilafu ikitokea isiteketeze toleo zima. Kazi ya kukagua chekeche zote za sehemu ile alikabidhiwa yeye. Mzee hakumsifu mbele ya watu. Alimpa funguo za stoo ya nyavu.

Sheria na wasimamizi wake

Fundi huyo hasimami peke yake. Juu yake kuna idara ya ubora ya kiwanda, ambayo haipokei amri ya wazalishaji kuhusu toleo lipi litoke. Juu ya kiwanda kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Wakaguzi wake huingia viwandani, hufungua madaftari, na hulinganisha kilichoandikwa na kinachoonekana. Mwezi Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba mfumo wa Tanzania wa kudhibiti dawa umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kufikia ngazi hiyo.

Heshima hiyo husimama juu ya saini nyingi ndogo. Mkaguzi hawezi kuwapo kila usiku katika kila chumba. Akija, hukuta daftari. Aliyeliandika akiwa mkweli, mkaguzi ana kitu cha kukagua. Akiwa alibahatisha, sheria yote hubaki kwenye karatasi.

Faida na shida zake

Ingekuwa si haki kuwaeleza vijana uzuri wa kazi hii na kuwaficha ugumu wake. Kazi ni ya zamu, ikiwamo zamu ya usiku. Mtu husimama saa nyingi akiwa amefunikwa mwili mzima, na katika baadhi ya vyumba kelele za mashine hulazimu kuvaa vizibo vya masikio. Posho ya mwanagenzi si mshahara wa fundi, na kodi ya chumba mjini huimega mapema. Viwanda vya dawa nchini bado ni vichache, na sehemu kubwa ya dawa zinazotumika huagizwa kutoka nje, hivyo nafasi za kujifunza ni chache kuliko wanaozitaka. Binti aliyezungumziwa aliwahi kufunga mizigo mara mbili ili arudi nyumbani.

Faida nayo iko wazi. Ujuzi wa mabomba safi, mvuke, hewa iliyochujwa, mizani na vipimo haufungwi ndani ya kiwanda cha dawa. Viwanda vya maziwa vinauhitaji, vya juisi vinauhitaji, na hospitali zenye mitambo ya kutakasa vifaa na ya kuzalisha oksijeni zinauhitaji. Mafundi wenye mazoea ya kuandika walichokuta na walichofanya ni adimu katika kila sekta.

Maswali ya mzazi kabla ya saini

Mzazi au mlezi ambaye kijana wake amepata nafasi ya uanagenzi, katika kiwanda chochote, anashauriwa kuuliza maswali yafuatayo kabla mkataba haujasainiwa.

La kwanza, ni chuo gani kinachosimamia mafunzo, na kijana atapata cheti cha ngazi gani akihitimu? Mafunzo yasiyoishia kwenye cheti kinachotambulika humwacha kijana na ujuzi asioweza kuuthibitisha.

La pili, ni nani atakayemfundisha kazini? Mkataba utaje wadhifa wa fundi mwenye jukumu hilo. Kijana asiye na mwalimu aliyetajwa huishia kufagia karakana.

La tatu, posho ni kiasi gani, hulipwa lini, na ni nani anayegharimia mavazi ya kazi na vifaa vya kujikinga? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa walio kazini kwake. Mzazi asione haya kuuliza kuhusu vizibo vya masikio, miwani na viatu.

La nne, akiumia kazini, utaratibu wa matibabu na fidia ni upi? Jibu liwe la maandishi.

La tano, na hili kijana mwenyewe ndiye alitafakari: je, anaweza kuandika jambo lililo kweli wakati watu wote chumbani wangependa aandike jingine?

Kwa wale ambao tayari wanajua kazi kwa kuifanya, waliojifunza kwenye karakana za mitaani, upo utaratibu wa VETA wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa vitendo katika kazi anayoijua na, akifaulu, hupewa cheti. Mashine za kusaga na karakana za kuchomelea za kata hii zina mafundi wanaostahili kuwa nacho.

Maelezo kuhusu vyuo, fomu za maombi na muda wa kujiunga yanaweza kuulizwa katika ofisi ya Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Mzazi asiyeweza kufika amtume kijana mwenyewe, kwa kuwa kufuatilia jambo lake ni sehemu ya kwanza ya mafunzo. Kijana aje na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na cha shule, na aje pia na maswali yake.

Ipo jambo moja ambalo kaya inaweza kulianza leo bila fomu yoyote. Mtoto anayefungua redio mbovu ya nyumbani na kuzipanga skrubu zake kwa utaratibu asikaripiwe kwa kuchafua meza. Aulizwe zilikuwa ngapi, na zimerudi ngapi.